Imeenda kwa Mama Leticia

Pale gereji ya uchochoroni, Mchafukoge, kitu kikipotea hawasemi kimepotea. Wanasema kimeenda kwa Mama Leticia.

"Samson, spana kumi na nne iko wapi?"

"Imeenda kwa Mama Leticia."

Nati ikidumbukia mtaroni, imeenda kwa Mama Leticia. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye msongamano wa Kariakoo, imeenda kwa Mama Leticia. Godbless, fundi umeme, mkewe alipokwenda kwao Rombo kusalimia na asirudi, wenzake walimwambia naye huyo keshaenda kwa Mama Leticia. Wakacheka wote. Godbless naye akacheka, afanyeje.

Mwenye jina hilo aliitwa Angelina. Alikuwa mke wa Mzee Tarsis Komba, yule mrefu mwenye mgongo uliopinda, ambaye mpaka leo ana kona yake pale ukutani. Mwezi wa pili mwaka huu Angelina alifariki. Mafundi walichanga, wakakodi gari, wakaenda kuzika. Walishika machepe kwa zamu, wakamwaga mchanga kama watoto wake wa kuzaa. Jumatatu wakarudi kazini, na kabla ya saa nne mtu alikuwa ameshapoteza bisibisi. Ikaenda kwa Mama Leticia.

Haikusemwa kwa ubaya. Mdomo ulikuwa umezoea.

Tarsis alisikia. Alikuwa amelala chini ya gari. Hakukemea, kwa sababu msemo ule chanzo chake ni yeye.

Tarsis alitoka Mbinga na lori la kahawa, mwaka ule vijana walipokuwa wanarudi kutoka vita vya Uganda. Alikuwa utingo. Lori lilipokufa Gerezani, dereva akatafuta usafiri mwingine, utingo akabaki na lori. Akaanza kushika spana za watu. Shule hakuingia. Kusoma hajui mpaka leo, jina la gari analijua kwa sura ya uso wake. Lakini kuhesabu alijua, na alijisifia. "Mimi sisomi," alikuwa akisema, "ila kwenye hesabu hunipati."

Kwa kuwa hakuwa na pa kuandika, alikuwa na utaratibu wake. Anachofungua kwanza kinawekwa kwanza, kinachofuata kinafuata. Na wa kuweka alikuwa Angelina. Yeye alipika wali maharage palepale ukutani, akiwalisha mafundi. Tarsis akiwa chini ya gari alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, na mkono wa Angelina ulikuwepo. Kila nati, kila bolti, aliitunga kwenye waya kwa mpangilio, kama mtu anayetunga shanga. Wakati wa kufunga, alitungua moja moja na kumrudishia. Watu walikuja kutazama tu jinsi wale wawili walivyofanya kazi bila kusemeshana.

Kazi nyingine ya Angelina ilikuwa kuchoma washa. Hizi ni zile pete nyembamba za kopa, yaani shaba, zinazokaa chini ya bolti ili oili isivuje. Ukishaibana mara moja inakuwa ngumu, ukiirudisha hivyohivyo inavuja. Wenye duka watakuambia nunua mpya. Fundi wa uchochoroni hatupi. Anaiweka kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, anaitumbukiza kwenye maji, inalainika kama ilivyozaliwa. Angelina alikuwa na jicho la kazi hiyo. Alipepea moto huku anageuza maharage, na koleo lake dogo liliingia makaani na kutoka kwa wakati wake. Washa zilizopita jikoni kwake hazikuvuja.

Basi miaka kumi na moja iliyopita ikaja Benzi ya Mzee Ramniklal.

Ramniklal alikuwa na duka la nyuzi, vifungo na zipu, mtaa wa nyuma, na juu ya duka ndiyo nyumba. Benzi ile nyeupe aliipenda kama mtoto wa mwisho. Binti yake Krina alikuwa anaolewa Morogoro, na bibi harusi alitakiwa kwenda na Benzi ya baba yake. Ramniklal akaileta ikaguliwe. Tarsis akaona unyevu mwekundu chini ya gia boksi. Akasema mabomba ya kupozea oili yafunguliwe, yasafishwe, yafungwe upya.

Mabomba yenyewe ni mawili. Moja linatoa oili ya moto kwenye gia boksi kuipeleka kwenye rejeta, lingine linairudisha ikiwa imepoa. Kila moja limeshikwa kwenye gia boksi na bolti yenye tundu katikati, na kila bolti ina washa mbili: moja chini ya kichwa cha bolti, nyingine kati ya bomba na gia boksi. Mabomba mawili, washa nne. Mtoto anaelewa.

Tarsis akafungua. Akanyoosha mkono nyuma, akanyoosha tena. Angelina akachoma, akapoza, kisha akainama kando ya tairi.

"Baba Leticia, ziko tatu."

"Nne."

"Tatu. Hebu tazama huko juu."

"Nimekupa nne mkononi. Tafuta majivuni kwako huko."

Angelina akaenda, akachambua majivu. Akarudi.

"Hakuna. Ulinipa tatu."

Tarsis alikuwa na haraka. Magari matatu yalikuwa yanamsubiri. Akatia mkono kwenye kopo la vitu vya zamani, akatoa washa moja iliyofanana, akaifunga. Hakutazama juu.

Benzi iliishiwa oili njiani. Gia boksi iliungulia karibu na Chalinze, na Krina aliingia Morogoro kwenye Fuso la vitunguu, na sari yake nyekundu na mapambo yake yote, amepakatwa na mama yake Rekha ambaye alikuwa analia njia nzima.

Wiki iliyofuata Ramniklal alikuja gereji. Hakuwa mtu wa kelele. Siku hiyo alipiga kelele mpaka wauza vitambaa wakatoka nje. Na Tarsis, mbele ya mafundi wote, akiwa na jina lake la kulinda, alinyoosha kidole jikoni.

"Kosa si langu, mzee. Washa nilimpa huyu nne, akapoteza moja. Nikaweka ya kuokota."

Angelina alikuwa ameshika mwiko. "Ulinipa tatu," alisema.

"Nne!"

"Tatu, Baba Leticia."

"Mama Leticia, mwanamke na gereji wapi na wapi? Kitu kikifika kwako ndiyo kimepotea hicho!"

Ridhiwani akaangua kicheko. Huyu alikuwa fundi bodi, mtu wa Liwale, mtani wa Tarsis tangu ujana. Akicheka yeye hakuna anayebaki. Hata Ramniklal, na hasira zake, alitabasamu. Kesho yake mtu akatafuta spana, Ridhiwani akajibu, na msemo ukazaliwa.

Angelina hakuwepo kuusikia. Asubuhi hiyo alikuwa amehamishia jiko lake Magomeni, barazani kwao, na hakukanyaga tena Mchafukoge. Hakununa. Hakumshitaki kwa wazee wala kwa padri. Alimpikia, alimfulia, aliuguza miguu yake. Ila jioni mumewe akianza habari za gereji, yeye alisimama akaenda kuangalia maji.

Tarsis hakumwambia rudi. Alisema moyoni, atarudi mwenyewe hasira zikiisha. Ukapita mwezi, ukapita mwaka, ikawa ndiyo hivyo.

Mwezi uliopita Ramniklal alimpigia simu.

"Fundi, Benzi inavuja tena. Bomba limeoza, limetoboka. Njoo upesi, Jumapili tunahama."

Nyumba ilikuwa imeuzwa ivunjwe, lijengwe ghorofa. Yeye na Rekha walikuwa wanakwenda Arusha kwa mtoto wao Paras, na mzee alikuwa amekataa katakata kuiacha Benzi.

Tarsis alipofika alimkuta amekaa kwenye ngazi ya uani, amezungukwa na maboksi.

"Shikamoo hakuna hapa," Ramniklal alisema. "Sisi wote wazee. Karibu."

"Ahsante. Pole na kuhama."

"Pole wewe, fundi. Sikuja kuzika. Miguu hii."

"Nilipata salamu zako."

Tarsis akaingiza beseni chini ya gari, akatazama. Bomba la kurudishia lilikuwa limeliwa na kutu pale linapopita kwenye kibano. Lingine lilikuwa linaelekea hukohuko.

"Haya hayazibiki. Yanataka mengine."

"Yako hapo chini ya ngazi," Ramniklal alisema. "Ile gia boksi iliyoungua. Yule fundi aliyenibadilishia alileta nyingine na mabomba yake. Ya kwako yamebaki vilevile, hakuna aliyeyagusa. Nilisema siku moja nitauza chuma chakavu. Siku hiyo haikufika."

Tarsis aliivuta nje kwa kamba. Ilikuwa imefunikwa na vumbi na mafuta mpaka ikawa kama jiwe la mtoni, na mabomba yake mawili yamejikunja kando kama pembe. Akapangusa, akayapima kwa macho. Yalikuwa mazima. Mpira wa katikati ulikuwa umekauka, lakini huo unakatwa, unawekwa mwingine na vibano.

Akaanza na gari. Alisubiri injini ipoe kwanza, kwa sababu oili ya gia inaunguza kuliko uji. Alifungua upande wa rejeta akitumia spana mbili, moja imeshika shingo ya rejeta, nyingine inazungusha, maana ukizungusha kwa moja utaing'oa shingo na rejeta utanunua. Oili nyekundu ikashuka kwenye beseni. Akaziba midomo ya rejeta kwa tambara safi vumbi lisiingie. Kisha akalala chali, akafungua upande wa gia boksi, akayashusha mabomba mabovu taratibu bila kuyagonga. Washa zilitoka nne. Aliziweka chini mwenyewe kwa mpangilio. Sasa hakukuwa na mkono wa kumpokea.

Akageukia ile gia boksi ya zamani. Bolti ya chini ilikuwa ngumu. Aliimwagia mafuta ya taa, akasubiri, ikalegea. Washa moja chini ya kichwa, washa moja nyuma ya bomba. Mbili.

Bolti ya juu ililegea kirahisi. Washa moja chini ya kichwa. Akavuta bomba, washa moja ikaja nalo. Mbili.

Akachukua kisu kukwangua uchafu pale lilipokuwa limekaa bomba. Uchafu ulikuwa mweusi, mgumu, umejipanga duara. Akakwangua. Kisu kikateleza, na chini ya weusi ule pakang'aa kitu kama uso wa senti ya zamani.

Kopa.

Akaingiza ncha ya kisu pembeni, akaibandua. Ikadondoka kwenye saruji na kulia kidogo, ikazunguka, ikalala.

Tano.

Tarsis aliketi. Alizipanga washa kwenye goti lake moja moja, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Tano. Nne za kufungia, na moja ya tano iliyokuwa imeganda pale juu siku ile ya kwanza, imefunikwa na weusi, haikutoka kamwe. Alikuwa amempa mkewe tatu. Halafu akachukua nyingine kwenye kopo na kuipandisha juu ya ile ya zamani, mbili zikapandana, zikakosa kukaa sawa, na oili ikapata njia.

Hebu tazama huko juu, alimwambia. Kazi ya kupepesa jicho.

Angelina baada ya siku ile alikuwa na tabia moja mpya: kuhesabu. Akikupa chapati, "Tatu hizo, hesabu." Vitunguu alivihesabu sokoni, akavihesabu tena mezani. Vidonge vya presha vya mumewe alimwekea kiganjani na kumtaka ahesabu kwa sauti. "Viwili, Baba Leticia. Useme mwenyewe viwili." Leticia, binti yao, alikuwa akimtania, "Mama, umepata ukarani lini?" Tarsis yeye alidhani ni kijembe. Alidhani anasimangwa polepole, kila siku kijiko kimoja, na alijibu "viwili" kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Hakikuwa kijembe. Sasa aliona. Mtu ameambiwa mbele ya watu kwamba mikono yake inapoteza vitu, na aliyemwambia ni mumewe, anayejua hesabu. Mwisho amejishuku.

Kwa sababu wiki ile ya mwisho, wodini, Angelina alimshika kidole gumba akasema, "Ile washa ya Mzee Ramniklal. Labda kweli iliniponyoka. Moto ulikuwa mkali siku ile, na watu walikuwa wanadai chakula. Nisamehe."

Naye alimjibu, "Nilishakusamehe zamani."

Alitoka wodini siku hiyo anajiona mtu mwema. Alinunua chungwa getini, akala akitembea.

"Imetoka?" Ramniklal aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Imetoka," Tarsis alijibu, akazitia zile tano mfukoni.

Alifunga mabomba kwa washa mpya za dukani. Alijaza oili, akawasha gari, akapitisha gia zote huku mguu uko kwenye breki, akalala chini tena kuangalia. Pakavu kabisa. Alikuwa anaweza kuaga akaenda zake. Ramniklal angeondoka Jumapili, gia boksi ingekwenda kwa wauza vyuma, na yeye angebaki fundi asiyekosea. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaifuta, akainawa tena.

"Mzee Ramniklal, kuna neno."

Akamwonyesha. Akaeleza kwa maneno machache, maana hayakuwa mengi. Ramniklal alizichukua zile washa, akazisogeza karibu na miwani.

"Kwa hiyo mama alisema kweli."

"Alisema kweli mara tano."

Juu, Rekha alikuwa anafunga vyombo kwenye magazeti.

"Mimi niliacha kumsalimia," Ramniklal akasema baadaye. "Nilimwona Magomeni mara mbili, nikageuza uso. Nilisema huyu ndiye aliyemwingiza binti yangu Morogoro na vitunguu." Akamrudishia washa. "Lakini yameisha, fundi. Mama amekufa."

"Jina halijafa. Kila siku wanaliita pale gereji kwa kitu kilichopotea. Hilo nataka nilitoe."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Hilo la kuchekwa alikuwa amejiandaa nalo. Kilichotokea hakukitazamia.

Alifika gereji saa saba, watu wamekaa kwenye matairi wanakula. Akasimama katikati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nyamazeni kidogo."

"Mzee anataka kuoa!" Ridhiwani akadakia. "Nilijua tu, ameanza kuoga Jumatano!"

"Nyamaza, Ridhiwani. Ni habari ya Mama Leticia."

Wakaweka vijiko chini. Akawaambia yote: Benzi, washa tatu, majivu, gia boksi chini ya ngazi. Akafungua kiganja. "Hizi hapa tano. Kosa lilikuwa langu, yeye hakupoteza kitu. Nilimsingizia mbele ya watu, na mbele ya watu nakanusha."

Kisha Godbless akasimama, akamshika bega kwa heshima.

"Mzee wangu, hayo ndiyo mapenzi. Mtu ameshatangulia, bado unambebea kosa lake."

"Hakuwa na kosa."

"Ndiyo, baba. Hakuwa nalo." Alisema kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Akawageukia wengine. "Mmeona? Siyo ninyi, mke akiugua malaria tu mnahamia kwa mwingine."

"Mume wa kweli huyo," akasema mwingine.

"Sikieni," Tarsis akasema. "Washa ni hizi."

Samson akazitazama, akainama kando ya tairi lake, akachota mchanga wa pale gereji kwa vidole, akatoa washa mbili za kopa zilizokanyagwa. Akaziweka kando ya zile tano. "Mzee, hizi zimejaa hapa. Usijitese. Msiba unaleta mawazo."

Tarsis alizitazama saba kiganjani, na hakuweza tena kutofautisha zipi ni zipi. Angeiacha ile iliyoganda vilevile, angewapeleka mmoja mmoja wakaione imeng'ang'ania pale kwenye chuma, wangeamini. Lakini aliibandua kwa kisu chake. Alikuwa na haraka ya kujua. Sasa lilikuwa limebaki neno la mgane mzee, na neno hilo lilikuwa linampa sifa yeye. Miaka kumi na moja alikuwa amelilinda jina lake kwa kumchafua mkewe, leo amemsafisha, na aliyetakata ni yeye tena.

"Basi," akasema, "kuanzia leo kitu kikipotea semeni kimeenda kwa Tarsis."

"Aa, mzee, hapo hapana," Godbless akasema. "Wewe ni mzee wetu. Tutakutaja vipi hivyo?"

"Yeye mlimtaja."

"Yeye ilikuwa utani tu."

"Na mimi nitanieni."

Waliinamia sahani zao. Heshima waliyokuwa nayo kwake ilikuwa kubwa, na yeye mwenyewe hakuwahi hata siku moja kufikiria kwamba mkewe alistahili nusu yake.

Wakarudi kazini. Baada ya muda Ridhiwani, ambaye hakuwa amesema neno tena, alisimama kwenye mlango wa Noah, gari alilokuwa analinyoosha bodi, akapaza sauti uchochoro mzima ukasikia:

"Msasa wangu uko wapi? Umeenda kwa Tarsis!"

Mtani ana ruhusa yake. Wengine waligeuka, wakamtazama, wakamtazama mzee. Hakuna aliyecheka.

"Naam," Tarsis akaitika. "Uko kwangu."

Jioni, wakifunga masanduku, Ridhiwani alikuja akaketi kando yake. Alikuwa na vumbi la rangi mpaka kwenye kope.

"Mimi niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Siku ile. Majivu alichambua kwa vidole, moto haujazima. Aliungua. Alikuwa ananyonya kidole kama mtoto, halafu anarudisha mkono. Nikawaambia wenzangu, mtu aliyepoteza kitu kwa uzembe hatafuti namna ile." Akatema mate pembeni. "Halafu nikacheka, maana wewe ulikuwa umesema kitu cha kuchekesha."

"Hukuniambia kuwa aliungua."

"Alikuwa mkeo. Nilidhani umekiona kidole."

Tarsis hakukiona. Alijaribu kukumbuka mkono wa Angelina jioni ile, ukiwa na chombo, ukiwa na kitambaa, ukiwa na chochote. Alikumbuka tu kwamba chakula kilikuwepo.

Pale gereji mambo yalibadilika kidogo. Mzee akiwa karibu, mafundi wanajizuia. Akienda msikitini kwa jirani kuchota maji, anasikia nyuma yake jina limetoka na mtu amepigwa kiwiko. Ridhiwani anamtaja Tarsis kila siku, kwa bidii, peke yake.

Ramniklal aliondoka Jumapili. Alipiga simu kutoka Arusha kusema Benzi imefika, haikudondosha hata tone.

Wiki mbili baadaye Tarsis alikwenda Kariakoo kununua mpira wa breki. Duka lilikuwa jembamba kama kabati, na muuzaji alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mgeni machoni pake kabisa. Mteja mmoja alikuwa anadai fyuzi aliyolipia. Kijana alipekua droo, akapekua rafu, akakuna kichwa.

"Kaka, nitakupa nyingine," akasema. "Ile imeenda kwa Mama Leticia."

Tarsis aliganda na mpira mkononi. Alikuwa hajui kama lile neno lilikuwa limevuka barabara.

"Kijana, huyo Mama Leticia ni nani?"

"Ah, mzee, ni msemo tu. Wa mjini."

"Ni mtu. Alikuwa mke wangu."

Kijana alicheka kwanza, kisha akaona uso wa mzee, akaacha. "Samahani, mzee wangu. Sikujua."

"Hujakosa wewe. Ngoja nikueleze. Kulikuwa na Benzi, ina mabomba mawili ya kupozea oili. Kila bomba lina bolti, na kila bolti..."

Nyuma yake watu watatu walikuwa wamesimama na pesa mkononi, na mmoja alikuwa ameshaanza kugonga meza ya duka kwa funguo. Kijana alimtazama mzee, akawatazama wateja.

"Mzee, shikamoo. Niwahudumie hawa kwanza?"

"Marahaba. Wahudumie," Tarsis alisema. Alisogea pembeni, akaegemea mlango. "Mimi nasubiri."

Walipoondoka wale walikuja wengine wanne. Hakuondoka.